Luter Pasapan: Mwaka Mmoja Katika Chumba cha Kusini

Mwaka umezunguka, Baba, tangu uanze kuumwa. Watu wa mjini wangeandika tangu ufariki, lakini kwa mila ya kwetu Toraja, huku milimani, mtu aliye bado nyumbani mwake, ambaye nyati wake wa kwanza wa mazishi hajachinjwa, ni mgonjwa. Basi umeumwa mwaka mzima katika chumba cha kusini, umenyooka kwenye godoro lako, miguuni soksi za sufu, dawa ya mganga mkuu imekukausha ukawa mwepesi. Tulikuletea wali na kahawa asubuhi na jioni. Tulipokwenda shambani tulikuaga.

Ulikuwa mtu wa kahawa. Ulikipuliza kikombe mpaka Mama akakuuliza kama unazima moto. Kanisani ulisinzia wakati wa mahubiri, na ulipoamka ulijua hasa mahali mhubiri alipokosea. Bibi kizee wa nyumba ya chini hakuwahi kubeba gunia lake mwenyewe siku zote za uhai wako, na ole wake mtu aliyekusifu kwa hilo.

Kilichokukera ni watu waliookota mistari ya Biblia mmoja mmoja. "Mnadonoa kama kuku," uliwaambia wazee wa kanisa. "Hadithi ni moja. Ina mwanzo na ina mwisho, na sisi tumo katikati." Ukaitandaza kwenye mteremko wetu wa mibuni. Kila msimu wa kuchuma ulituanzishia safu ya juu kabisa, bustanini kwa Adamu na mkewe, ukasimulia huku mikono ikifanya kazi, safu kwa safu, mpaka kijitoni chini, kwenye mji ambao malango yake hayafungwi. Tulikua tukisema, "Kikapu changu nimekisahau Misri," na hakuna aliyecheka. Mvua ilipotunyeshea tukaomba turudi nyumbani, ulikataa. Ulisema mtu aliyeachwa Babeli halali vizuri.

Mwaka jana ulianguka Babeli, kikapu kikiwa nusu.

Mama alipokea pale ulipoishia. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado mlangoni, alikumiminia kahawa, akakaa ubavuni pako na kukusimulia safu moja au mbili. Tulifurahi, tukidhani anajifariji. Ilinichukua miezi, mimi binti yako Tasik, kugundua kwamba hamalizi. Akifika pale wanapomlaza Bwana Yesu kaburini na kuvingirisha jiwe, ananyamaza. Kesho yake anaanza upya: Hapo mwanzo.

Na kila aliponyamaza, ubao wa sakafu ulio chini ya mgongo wako ulilia. Mara moja, polepole, kama ulivyolia miaka yote ulipokuwa ukijiinua asubuhi. Kaka yangu Rerung alisema ni mbao zinakauka. Akaingia chini ya nyumba na tochi, akapigilia misumari sita. Asubuhi ya jiwe iliyofuata ubao ulilia vilevile, na Rerung, ambaye alikuwa amekaa hapo makusudi, alitoka nje bila viatu. Kahawa yako nayo ilikuwa ikipungua. Siku moja nilichora alama ya penseli ndani ya kikombe, kisha nikaifuta, maana niliogopa kujua.

Pong Sule, mzee wa kanisa, alikuja mara tatu kuomba tarehe ya mazishi. Mara ya tatu, wakiwa chumba cha mbele, alimwambia Mama kwa upole kwamba wafu hawahitaji kusimuliwa hadithi.

"Nani amekufa humu?" Mama akamuuliza. Mzee aliteremka ngazi bila kumaliza kahawa yake.

Baada ya hapo Mama akaanza kutuponyoka. Alikula makombo ya sahani yako tu. Nguo zilimpwaya. Mchana alijilaza sambamba nawe, mikono kifuani kama yako, na nikipita mlangoni ilinibidi nisimame nione kifua kipi kinapanda. Siku moja nilisimama muda mrefu mno. Ndipo nilipojua kwamba tunaweza kuwapoteza wawili.

Jumanne, wiki mbili zilizopita, ilikuwa asubuhi ya jiwe. Mama alilivingirisha, akanyamaza. Ubao ukalia. Alipofungua kinywa ili aanze upya, nilimshika mkono.

"Mama, Baba hakuwahi kutuacha hapo."

"Wewe hujui." Hakunitazama. "Nikilitoa jiwe, hadithi itafika kijitoni. Ikifika kijitoni watamgeuza kichwa kielekee kusini, kama anavyolazwa mfu. Watamwita marehemu."

"Na usipolitoa utabaki naye huko ndani. Unataka niwe nawaletea wali watu wawili wasiosema?"

Ubao ulilia tena. Haukuwahi kulia mara mbili. Mama aliweka kiganja juu ya mkono wako mkavu, akasema, "Nimesikia, Baba Rerung. Usinisukume."

Akaendelea. Alisimulia jinsi wanawake walivyokwenda alfajiri wakakuta jiwe limeondolewa, na jinsi Mariamu alivyomwona Bwana akadhani ni mtunza bustani. Hapo ndipo wewe ulipokuwa ukisimama na kikapu kiunoni na kutuambia, "Mnaona? Tumerudishwa bustanini." Mama alilia hapo, lakini hakusimama. Safu zote zilizobaki alizimaliza asubuhi hiyohiyo, mpaka kwenye mji ule ambao Mungu mwenyewe anawafuta watu machozi, na mauti hayapo tena. Nami nilihisi unasikiliza, Baba. Naliandika hili wazi, na Pong Sule anikemee akitaka.

Mama aliinywa kahawa yako, imeshapoa, kisha akainama sikioni mwako.

"Umekufa, Baba Rerung," alisema. "Tangulia."

Hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo mbele yako. Tulikaa tukiusubiri ubao. Haukulia, wala haujalia tena mpaka leo. Jioni Mama aliomba sahani yake mwenyewe.

Alhamisi hii nyati wa kwanza atachinjwa uwanjani, nawe utageuzwa kichwa kielekee kusini. Tutalia sana, usidhani vinginevyo. Lakini tutalia kama watu wanaoijua hadithi inakoelekea, na hilo ulitufundisha wewe.

Unakumbukwa na mwanao Rerung na mkewe Sombo. Binti yako Tasik. Wajukuu zako Arruan na Bua. Na mjane wako Damaris. Mimi nilikuwa nimeandika "mkeo". Alinipokonya kalamu, akalirekebisha mwenyewe.

Hatutakusahau, Baba, siku zote tutakazojaliwa.