Pikipiki Ninayoisimulia Kila Jumapili

Mama Gertrude, nakusalimu kwa heshima na kwa aibu, maana ninalokuandikia nimelificha miaka minne na sasa limenishinda, nisaidie kabla ya Alhamisi ijayo. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, mtu wa Fizi, naishi peke yangu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na kila Jumapili baada ya ibada tunakutana wanaume saba kwenye kibanda cha Nizigama, yule Mrundi anayetengeneza pikipiki za kabaza, zile za kubeba abiria, na hatuzungumzi kingine ila pikipiki. Hakuna hata mmoja wetu aliye nayo. Tunazungumza zile tulizoziacha, wa Yamaha wanabishana na wa Honda mpaka mate yanawaruka, Fabrice aliiacha yake Bukavu na kila wiki tunamwuliza kama imeshazaa, na mgeni akija Nizigama anamwuliza jambo moja tu: "Yako ilikuwa na ubovu gani?" Anasema mwenye pikipiki anajua ubovu wake, mwongo anajua uzuri tu.

Mama, mimi sijawahi kuwa na pikipiki. Nilikuwa nabebwa. Rafiki yangu mmoja, mtu wa Bukavu aliyekuwa akifanya kazi ya kanisa kwetu Fizi, ndiye aliyekuwa nayo, na siku nilipoulizwa niliona haya kusema mimi nilikuwa abiria tu, basi nikaisimulia ya kwake kama yangu: gia ya pili inachomoka mpaka uizuie kwa mguu, mkiwa wawili, kwenye mlima lazima mmoja ashuke asukume, na kiti kilipasuka mke wangu akakivika kitenge cha kijani chenye ndege wa njano. Walicheka mpaka Nizigama akaangusha spana. Tangu siku hiyo wananiita Gia ya Pili, kila Jumapili wanataka niirudie, na mimi naongeza chumvi.

Sasa nikuambie nisichomwambia mtu. Mwaka 2010 tulikimbia wawili juu ya pikipiki hiyo, tukafika kwenye mlima, gia ikachomoka. Rafiki yangu akashuka, akaniambia, "Panda we, mi nasukuma. Ukifika kule juu, uningoje." Nikafika juu. Nikasikia risasi. Nilimwona kwenye kioo, amelala kifudifudi barabarani na watu watatu wenye bunduki wamemsimamia, hakuinuka, na mimi sikungoja. Pikipiki niliiacha Uvira kwenye ukuta wa kanisa, sijui nani aliichukua.

Mwezi wa tano mama mmoja mshonaji, nimwite Sabine, alihama kutoka upande wa pili wa kambi, akaingia nyumba inayotazamana na kibanda chetu. Jumapili moja alikuwa anachambua maharage mlangoni huku mimi nasimulia na watu wanacheka, mara nikamwona amesimama mbele yangu na ungo mkononi.

"Samahani, baba. Ile kiti, nani aliishona?"

"Bibi yangu," nikasema.

"Na uzi? Ilikuwa rangi gani?"

Mimi mpumbavu nikajibu, "Nyekundu. Uzi wa njano ilimwishia." Ndivyo rafiki yangu alivyokuwa akisema. Akasema, "Zikomo," asante ya huku, akarudi kwenye maharage yake. Nikamwuliza Nizigama huyu ni nani. "Ni wa Bukavu," akaniambia. "Bwana yake alipoteaka Fizi. Anaulizaka kila mutu mupya."

Hajaniuliza tena. Lakini kila Jumapili ananiletea mwenyewe sahani ya nsima, ugali wa huku, na sombe ya majani ya muhogo, anaiweka mlangoni, anasema, "Karibu, baba," anaondoka. Sahani tano ziko kwangu, nimeziosha, sijazirudisha, maana kwetu sahani ya jirani hairudi tupu na mimi sina cha kutia. Alhamisi ijayo anaitwa Lilongwe, ofisi moja ya City Centre. Faili lake na watoto wake la kuhamishiwa nchi nyingine limekwama kwa sababu kila akiulizwa kama bwana yake ni hai au amekufa anajibu hajui, na safari hii wamemwambia ni ya mwisho. Mimi najua. Lakini na mimi nina faili pale pale, na nilipohojiwa nilisema pikipiki ilikuwa yangu na nilikimbia peke yangu, nikisema kweli leo la kwangu litatupwa. Nina ndugu Area 25, huko huko Lilongwe, nafikiri nihamie kwake kimya kimya. Au nimwandikie Sabine karatasi bila jina? Nishauri, Mama.

Gia ya Pili, Dzaleka

*

Ndugu Gia ya Pili,

Barua yako niliisoma mara mbili, nikaenda kunawa uso. Kuhusu mlima nakuhurumia. Sisi tuliokimbia tunajua miguu ikishaamua haimwulizi mwenyewe, na kama ungerudi tungewalilia wawili. Mlima sikuhukumu. Nakuhukumu kwa Jumapili zako. Gia iliyomshusha rafiki yako ndiyo unayochekeshea watu, tena mkewe umemfanya wako.

Unaniuliza kama umwambie. We baba, mama huyo anajua! Uzi mwekundu aliuvuta kwa mkono wake. Unadhani anakulisha kwa kuwa umekonda? Ameuliza mara tano, sahani kwa sahani, kwa adabu ambayo mimi nisingekuwa nayo. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia mlangoni kwako.

Area 25 usiende. Safari ya kwanza ulimwacha rafiki yako bunduki zikiwa nyuma yako, safari hii utamwacha kwa sababu ya sahani. Na karatasi bila jina ni ya nini? Ofisi haipokei ushahidi wa mtu asiye na jina, na mjane hawezi kuweka matanga kwa karatasi.

Faili lako huenda likarudi chini kabisa. Sikudanganyi. Utakaa Dzaleka miaka mingine, na utalala usingizi.

Gazeti linatoka Jumamosi. Rangi za kitambaa na uzi nimezibadilisha, lakini kambi ni ndogo, kwa hiyo ukishasoma hapa inuka uende, kabla jirani hajamsomea Sabine. Chukua sahani zote tano, ya juu itie unga. Mwombe mama mmoja wa kanisa akae karibu, maana Sabine atahitaji mtu wa kumshika, na mtu huyo hawezi kuwa wewe. Usianze na habari zako, wala usiombe msamaha siku hiyo. Mwambie mlima gani, upande gani wa barabara. Mwambie bwana yake aliomba angojwe. Akinyamaza, nyamaza. Akikufukuza, toka, lakini Alhamisi asubuhi uwe stendi, mpande basi moja, useme yote mbele ya wanaoandika, ya kwake kwanza, halafu uongo wako. Jumapili inayofuata waambie wale sita pikipiki ilikuwa ya nani.

Na jambo moja limenikera kuliko yote. Barua yako ni kurasa tatu. Nimeijua gia, nimejua kiti, ndege na uzi. Nizigama yumo, Fabrice yumo, mama wa watu umempa hata jina la kuazima. Huyu aliyeshuka akusukume hukumwandika jina hata mara moja.

Ukifika mlangoni, anza na jina lake.

Mama Gertrude