Mbwa wa Orrin na Muswada Wangu

Jumatano, 6 Novemba 1867. Montpelier

Leo nimesimama bungeni kuutetea muswada wangu wa mbwa. Mbwa akikutwa na damu ya kondoo mdomoni, auawe siku hiyohiyo, na mwenye mbwa asijitetee. Mawakili wa mjini wakanibwekea — watu wazima na ndevu zao, wanabweka! Nikawaambia anayemficha mbwa muuaji ni mwizi kama wezi wengine. Wakulima wenzangu wakapiga meza. Kura ni Jumanne. Muswada ukianguka, nimekwisha, watu walinichagua kwa jambo hili tu.

Jumamosi, 9 Novemba. Nyumbani

Nimefika kwa treni. Theluji kidogo. Mke wangu Keturah ananicheka — eti mbunge siku hizi anakamua ng'ombe kama karani. Renja kanirukia hadi kofia ikaanguka. Alikuwa mbwa wa Orrin, mwanetu. Tangu kijana azikwe huko vitani Virginia, mama yake haongei na mtu asubuhi kabla hajaongea na mbwa.

Jumapili, 10 Novemba

Alfajiri nimemkuta Renja kalala mlangoni, kifua chekundu. Nikamfungua mdomo. Sufu, imenasa kwenye meno. Nikakimbilia zizini. Kondoo wetu wote wazima. Basi ni wa watu.

Keturah hakuuliza kitu. Alileta beseni na kitambaa, akamsafisha jino baada ya jino. Nikamwambia sheria ni yangu mwenyewe. Akasema, "Mtoto umeshawapa hao wa serikali, Baba Orrin. Mbwa huwapi." Nikaenda kumwaga maji ya beseni. Mimi, bingwa wa maneno bungeni.

Kabla ya kengele ya kanisa akaja jirani yetu, Alvah Pruitt, na bunduki. Nikajua yamenifika. Kondoo wake wameraruliwa, majike wenye mimba. Lakini hakumtaja Renja. Alikuwa anamvuta Toby, mbwa wake, kwa kamba. Kamkuta akilamba mizoga. Toby! Yule hata kuku wanamfukuza.

"Kikulacho ki nguoni mwako, jirani," Alvah akasema. Macho mekundu. "Nimemlea tangu kijibwa. Mkono unakataa. Sheria ni yako, Mheshimiwa — mpige wewe."

Nimemwambia angoje, natafuta risasi.

Risasi ziko hapa mezani, mbele yangu. Keturah kajifungia chumbani na Renja. Namwona Alvah kupitia dirisha. Kachuchumaa kwenye theluji, anamkuna Toby masikio, anamwomba radhi.