Chumba cha Mwisho cha Vito

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, mwanangu. Huku Mishomoroni tu wazima. Goti la babu yako limepoa, na mamako mdogo amejifungua mtoto wa kike.

Waniuliza kama niliwahi kushindwa na kazi ya mikono yangu. Naam. Miaka ya themanini, nikiwa msichana, kakangu baharia alituletea kompyuta ndogo ya kuunganisha na televisheni. Nikajifunza kuiandikia mchezo wangu mwenyewe: mtu aokota vito chumba baada ya chumba huku akisukuma mawe, na jiwe likishaingia pembeni halitoki tena. Vito vyote vikiisha, mlango wafunguka. Chumba cha mwisho kilinishinda hata mimi niliyekibuni. Siku ya Idi, kakangu akanicheka mbele ya wageni.

"Hiki hakina njia. Kifute!"

Nilikaribia kukifuta. Mamangu, aliyesoma chuo cha Kurani tu, akavuta kiti.

"Hebu nionyeshe pa kubonyeza."

Akaviacha vito vyote vya karibu, akaenda kusukuma jiwe la mbali kabisa.

"Mama, huko hakuna kito!"

"Naona. Natengeneza njia kwanza."

Kisha akaviokota kimoja kimoja hadi cha mwisho, na mlango ukafunguka. Wallahi, vigelegele vilifika nyumba ya tatu! Kakangu akambusu mkono. Nami nikaandika jina la mamangu kwenye skrini, kwa herufi kubwa: BINGWA MWANAKOMBO. Mama akanikataza kuizima kompyuta mpaka babangu arudi kutoka msikitini, aje alisome kwa sauti.

Mola akufungulie, mwanangu.

Nyanya yako,
Mwanaidi