Kwa Dada, Uliyefuma Herufi za Kompyuta

Dada yangu mpendwa,

Kamwene. Huku Njombe baridi ni ileile uliyoiacha, ya kumfanya mtu aahirishe kuoga mpaka jua litoke. Mashine yako ya kufumia masweta bado ipo pale dirishani. Tangu tukuzike watu wananiambia niiuze, na kusema kweli nilikuwa nimeshakubali. Mchoraji ulikuwa wewe. Mimi nilikuwa mtu wa kuvuta mkono wa mashine na kupiga domo. Bila wewe ningeifanyia nini?

Unakumbuka mitumba ilivyomwagika sokoni? Marobota yakafunguliwa, masweta ya Ulaya yakauzwa bei ya kutupa, na wateja wetu wakaanza kutupita njiani wakiangalia pembeni. Mimi nililia. Wewe ukanikokota hadi kwenye duka la kuchapisha barua, tumwandikie Alhaji wa Makambako, yule mwenye malori, tumwombe kazi yoyote ya kufuma.

Pale ndipo ulipoiona kompyuta kwa mara ya kwanza. Mchapaji anachapa, wewe umeinama, pua karibu iguse kioo. Zile herufi za kijani zilikuwa za visanduku vidogo vidogo vilivyopangwa kimoja kando ya kingine. Hata mkunjo wa S ulipanda kwa ngazi. Ukapiga kelele, duka zima likageuka: "We mdogo wangu! Hizi zimefumwa!"

Aibu niliyoipata siku ile! Lakini ulikuwa umeona sawasawa. Kisanduku kimoja, kitanzi kimoja cha uzi. Masweta ya mitumba yalikuja na majina ya watu tusiowajua. Sisi tungeweza kumwekea Alhaji jina la malori yake kifuani. Ukachukua daftari la hesabu la mwanangu, ukakaa kujaza miraba kwa penseli, na mtoto akaenda shule bila daftari.

Malori yaliitwa SUBIRA. Tukapeleka sweta la kwanza Makambako huku tukijivuna. Alhaji akalitandaza mezani, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mabinti, herufi hizi nani kazikalia?"

Wapakiaji wakaangua kicheko. Kweli zilikuwa fupi na nene, na B ilisomeka kama nane. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Wewe ukacheka kuliko wote, ukamwambia, "Alhaji, tupe wiki moja tutaziamsha."

"Inshallah. Zikiamka, nawavalisha madereva wangu wote."

Tukirudi ulilipakata lile sweta njia nzima, unalivuta huku na huku. Kabla hatujafika ulikuwa umejua kosa: kitanzi si mraba, kina upana kuzidi kimo, ndiyo maana herufi iliyosimama vizuri kwenye daftari ilibonyea kwenye uzi. Ukaongeza safu kwa kila herufi, zikanyooka. Halafu ukanionyesha ile B. "Nane imeviringika pande zote," ulisema. "B ina mgongo. Mwachie mgongo wake." Ukajaza pembe mbili za kushoto, basi, ikawa B hasa. Alhaji aliisoma akiwa ng'ambo ya barabara, akaita mashallah mpaka wauza chai wakaja kuangalia.

Baada ya hapo mashine haikupoa tena. Madereva, wanakwaya wa parokia, mpaka muuguzi mmoja wa Ikonda aliyetaka jina la mchumba wake, akabadilisha mchumba sweta likiwa nusu. Tulicheka, Dada! Tulikula vizuri, tulisomesha, na tulicheka.

Siku hizi yule mchapaji ana kompyuta mpya yenye herufi laini kama za kitabu. Ananiambia zile za visanduku zimepitwa na wakati. Nikamwambia ajaribu kufuma hizo laini zake, halafu aje tuongee.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita alikuja mama kutoka Kifanya, mtoto mgongoni, anataka sweta lenye jina la mtoto. Anaitwa Queen. Nikapekua kurasa zako zote. A ipo, M ipo, hata X ya kina Felix ipo. Q hukuichora, maana hakuna aliyewahi kuihitaji. Nikafungua mdomo kukuita. Kabisa, Dada, nilikwishafungua mdomo, nikakumbuka.

Nusura nimwambie mama wa watu aende zake. Badala yake nikashika penseli. Nikachora O nikaitia mkia, ikawa sufuria iliyovunjika mpini. Nikafuta. Nikausogeza mkia uanzie ndani, kisanduku kimoja ndani, kimoja nje, nikaongeza safu kama ulivyokuwa ukifanya. Nikafuma mwenyewe, nikilia na kucheka kwa pamoja, nimekukumbuka mpaka kifua kinauma. Jana yule mama alilichukua sweta, akalisoma jina kwa sauti, akamvalisha mtoto papo hapo.

Basi mashine siiuzi. Wakija tena kuniuliza bei nitawapa chai waondoke.

Lala salama, Dada, na huko uliko usiwe na wasiwasi na kazi yetu. Herufi zote ni zako. Q ni yangu.

Mdogo wako