Ubuyu Uliopimwa kwa Karatasi

Tumbi, Kibaha, 9 Agosti 1976. Miezi minne sasa tangu niondoke nyumbani Vihingo.

Mama Zuhura, hamjambo? Mimi mzima, ila nimejaa aibu. Ule ubuyu ninaowauzia wanafunzi baada ya kazi ya zege, jana mwalimu wao wa kemia aliupima, maana ndimi zao zilikuwa hazitakati. Alidondoshea karatasi rangi tatu: ya peremende, ya ubuyu wangu, na ile ya kuchovya ukili wa kushonea mikeka. Akachovya ncha ya karatasi kwenye maji ya chumvi. Maji yakapanda na rangi zikaachana. Ya peremende ikaenda kivyake; yangu na ya ukili zikafuatana mpaka juu, alama zilezile.

"Mzee Ubuyu, kumbe umetulisha mkeka!" wanafunzi wakacheka.

Mwalimu hakucheka. "Baba, na wanao nyumbani wanaula?"

Ndiyo maana nakuandikia.

Pakiti yako ya rangi ya ukili iliyopotea niliichukua mimi, nikatilia ubuyu. Mdogo wako ulimgombeza bure. Ubuyu niliomtumia Zuhura utupe wote, usimwachie hata kokwa moja. Nawapenda. Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu nakuja, nimwombe radhi shemeji mbele yako.

Baba Zuhura