Sisimizi Ukingoni mwa Choo

Mpendwa dada,

Jana nilirudi kutoka Mumias, nilikokaa siku mbili, nikakuta sisimizi wamejipanga ukingoni mwa choo. Choo hicho tunakitumia wawili tu, mimi na mwanao Nekesa. Kwa hiyo ni yeye.

Wewe ndiye uliyenifundisha maana yao. Nilikuwa kidato cha pili, darasani mwako kule Butere, nikikuita "Mwalimu" kama wenzangu. Ulisema figo halichagui taka. Hufanya kama mama anayesafisha kabati: hutoa vyombo vyote nje, kisha hurudisha kimoja kimoja kilicho chake. Maji mengi ndani, chumvi ndani, sukari yote ndani. Kinachobaki ndicho mkojo.

"Mwalimu, basi figo lina choyo!" Wafula akadakia kutoka nyuma.

"Choyo haswa! Hata kijiko haliachi. Lakini mikono yake ina kiasi, Wafula. Sukari ikizidi kwenye damu, mikono haitoshi, nyingine hubaki nje. Na sisimizi hawangoji kualikwa."

Tulicheka sana. Wewe pia.

Miaka baadaye ulipoanza kumaliza jagi la maji kabla ya kengele, ulisema ni vumbi la chaki. Ulipokonda, ukasema ni malaria. Daktari alipotaja kisukari, ulikuwa umeshazimia. Nami niliyepata alama zote katika swali la figo sikukuuliza kitu. Hilo ndilo linaloniwasha, dada. Sikukuuliza.

Leo Nekesa ametoka shuleni akanywa vikombe vitatu vya maji akiwa wima, sare ikimning'inia mabegani. Niliingia chumbani, nikatoa shajara yangu ya mwaka ule, nihesabu zilipita wiki ngapi tangu kiu ianze hadi tukakuzika. Nilikuwa nimeandika: "Ameamka mara nne kwenda choo. Anasema hana homa, ni kiu tu. Sketi inashikwa kwa pini."

Sikumsikia akija nyuma yangu. Alisoma, akakunja uso.

"Mama mdogo, mbona unaniandika?"

Sikumwambia ni nani. Nimemwambia avae sweta, tunakwenda hospitali mjini sasa hivi, tusingoje kesho. Anafunga viatu. Bodaboda ameshapiga honi mara mbili.

Naacha hapa. Kama huko uliko mtu huweza kumwombea mwanawe, anza sasa.

Mdogo wako