Mawingu Juu ya Uwanja

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Louisville tu wazima, ila mjomba wako wa Buffalo amenichosha. Nilimpigia kumwuliza barabara ikoje, akasema, "Nzuri tu Baba, njooni!" Tukakwama kwenye theluji saa tatu nzima. Mama yako huko Columbus ni yuleyule: hata akiwa na homa, atakwambia hajambo.

Umeniuliza kama kazi yako huko Alaska, kuwaambia marubani hali ya hewa kila saa, ina maana yoyote. Bon. Ujanani, kule milimani Kivu, nilishika redio ya uwanja wetu mdogo wa ndege. Siku moja rubani akauliza mawingu yakoje. Yalikuwa yamefunika uwanja wote, lakini kwetu mgeni haambiwi asije. Nikajibu, "Karibu sana!" Akazunguka juu yetu bila kuona chini, mafuta yakakaribia kumwishia, ndipo akarudi alikotoka. Kesho yake alitua, akaniambia, "Sikuomba kukaribishwa. Niliuliza unaona nini."

Nawe barua yako nzima ni "niko salama Babu, usijali." Nani amekuuliza hayo? Niambie unaona nini.

Babu yako